Sifongo wa Mtera

Nilikwenda Mtera kwa sababu nilimwaibisha mwanafunzi wangu. Katika jaribio la baiolojia, Neema wa kidato cha tatu aliandika kwamba sifongo anapatikana bwawani kwao Mtera. Nikamkosesha, tena nikalisoma jibu lake mbele ya darasa: "Sifongo ni mnyama wa baharini, labda kama Mtera imehamia Tanga!" Wenzake walimcheka wiki nzima, naye akaacha kabisa kuniuliza maswali. Baadaye nikasoma kwamba wako sifongo wa maji baridi. Roho ikanisuta.

Jumamosi alfajiri nilitoka Kizota, Dodoma, na lenzi ya mkononi na ndoo yenye mfuniko. Basi la Iringa lilipita mashamba ya mtama yaliyokwisha kuvunwa, kisha vichaka vya miiba. Nikimkosa sifongo, nimenusurika. Nikimpata, lazima nimwombe mtoto radhi. Nasema kweli, hadi Chipogoro nilikuwa naomba nimkose.

Saa nne nilishuka Mtera. Mama yake Neema, muuza samaki wakavu, alinipokea ufukweni.

"Shikamoo Mwalimu. Neema kafanya nini tena?"

"Marahaba. Kosa ni langu, mama. Nimekuja kumtafuta huyo mnyama aliyemwandika."

"Upele wa miti? Sisi ndivyo tunavyouita, maana ukiushika unawasha. Alikuja likizo na kitabu chenye picha, akasema, 'Mama, ndiye huyu.' Nikamwambia mnyama gani hana mdomo!"

Akapandisha kitenge, tukaingia kwenye maji ya magoti.

"Na mamba?" niliuliza.

"Wapo, ila leo hawajaamka."

Sikucheka. Lakini woga ulinitoka nilipoanza kuangalia chini. Konokono alijivuta kwa mguu wake mmoja laini, nyumba mgongoni. Kaa alikimbia kiubavu, miguu yake imeungwa pingili kwa pingili, mifupa yake yote iko nje. Na kwenye gogo la mti uliozama, huyo hapo: utando wa kijivu, wa kukwaruza, wenye vitundu. Hana kichwa, hana tumbo, hana neva hata moja. Maji yanaingia kwa vitundu vidogo, anachuja chakula chake, yanatokea kwa vikubwa. Anaishi hivyo tu, na anaishi vizuri. Miaka kumi na tisa nimemchora ubaoni, sikuwahi kumgusa. Nilifurahi mpaka nikasahau kwamba nimeshindwa.

Alasiri nilirudi Dodoma, ndoo mapajani, vidole vinawasha.

Jumatatu niliweka ndoo mezani. "Neema alisema kweli," nikawaambia. "Mimi ndiye sikujua, na badala ya kwenda kuangalia, nikamcheka. Neema, nisamehe."

Neema akasimama polepole, macho yakiwa chini.

"Nimekusamehe, Mwalimu." Akainua macho. "Na swali la nne pia ulinikosesha."

Nikavuta kiti, nikamwambia alete karatasi.