Jiwe la Mzaramo

Jamani, mimi nimewahi kufungwa kamba mbele ya wazazi, wanafunzi na mgeni rasmi, nikaswagwa kama ndama, tena nimevaa shati jipya. Wengi mmeisikia nusunusu na waliowasimulia wameongeza chumvi, kwa hiyo acheni niseme mwenyewe.

Mnajua mimi ni Mzaramo wa Kisarawe, mwalimu wa historia, nikapangiwa Sapiwi, huku Bariadi, ambako pamba inaota mpaka nyuma ya choo cha walimu. Nikakuta wanafunzi wa kidato cha tatu wanakariri historia kama sala, nikasema hapana, hawa lazima watoke, wawaulize wazee, waandike historia ya hapahapa, nikaanzisha klabu. Mkuu wa shule hakupenda (kwake mwanafunzi aliye nje ya darasa ni mtoro tu), akanipa muhula mmoja: siku ya wazazi klabu isome ilichoandika, kikiwa upuuzi anaifunga. Na mimi klabu ile niliipenda kuliko mshahara.

Sasa kosa langu. Watoto walikuwa wanakwenda vizuri tu, wamehoji watu kuhusu lambo la kunyweshea ng'ombe, wamelinganisha majibu, mimi nikaona ngoja niwaonyeshe mwalimu mwenyewe anavyohoji. Tukaenda kwa Mzee Masanja, tukamkuta anatengeneza nira. "Mwangaluka," nikamwamkia kwa Kisukuma changu cha kuokoteza, akafurahi, akaniuliza kwetu wapi, nikamjibu kwa kujidai kabisa kwamba mimi ni Mzaramo halisi.

Mzee akaiweka nira chini. Nyuma yangu watoto wakapatwa na kikohozi, darasa zima kwa mpigo, nikageuka nikawakemea kwamba mzee akizungumza hakatizwi wala hachekwi. Kabula, msichana mmoja mkali wa maswali, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na kama babu anakutania?"

Nikamwambia anyamaze aandike. (Najua, najua, Wasukuma ni watani zetu tangu enzi za mababu, lakini mimi nimekulia mjini, nilidhani utani ni mambo ya misibani, mtani analala kaburini mpaka apewe chochote, basi. Sikujua kama unaingia mpaka kwenye utafiti.)

Mzee akanionyesha jiwe kubwa kando ya njia ya malisho. "Lile ni Jiwe la Mzaramo," akasema, uso mkavu. Eti zamani alikuja mtu wa pwani, wa kwanza kufika hapa, akapewa ng'ombe achunge, akakaa juu ya jiwe apumzike kidogo, usingizi ukampitia, na jioni ng'ombe ndio waliomrudisha yeye nyumbani. "Tukamhurumia, tukampa kazi ya kukaa." Machozi yakanilenga. Babu yangu kabisa, huku Usukumani. Nikaandika, nikapigwa picha nimelikumbatia jiwe, nikaifanya hadithi hiyo sura ya kwanza na ya lambo nikaitupa nyuma.

Siku ya wazazi nikasoma mwenyewe, kwa sauti ya kwenye matanga. Wazazi wakainamisha vichwa, mabega yakawa yanatikisika, nikajua yamewagusa, nikazidi kuipunguza sauti kwa kuwahurumia. Nilipofika pale ng'ombe wanapomrudisha babu, Mzee Masanja akasimama na kamba mkononi.

"Mkuu, wabeja, asante sana kwa kunitunzia," akasema. "Babu yake alitutoroka, kumbe mjukuu yuko hapa anakula chaki."

Akanifunga mkononi, akaniswaga kuuzunguka uwanja, akina mama wanapiga vigelegele, mgeni rasmi amevua miwani anajifuta macho. Asiyecheka alikuwa mmoja tu, mkuu wa shule. Akamwita Kabula mbele.

"Mlijua?"

"Tulijua, mwalimu. Lile jiwe halina jina. Tunakaliaga tu tukiwa tunachunga."

"Mbona hamkumwambia?"

"Nilimuuliza. Akasema ninyamaze niandike."

Hapo ndipo nilipoona aibu yenyewe, maana ile ya kamba ilikuwa mchezo tu. Miezi mizima nawaimbia watoto waulize, na aliyeuliza nimemfunga mdomo.

Kabula hakuondoka. Akaomba asome ya lambo: wazee watatu, majibu matatu, na mmoja wao anamsifia sana aliyelichimba kwa sababu ni shemeji yake, kwa hiyo maneno yake tumeyapunguza uzito kidogo. Mkuu akasikiliza mpaka mwisho. "Klabu iendelee," akasema, "ila mwalimu asiende kuhoji mtu bila wanafunzi wa kumwangalia." Nikakubali kamba ikiwa bado mkononi, nikakombolewa kwa jogoo.

Tangu hapo siandiki neno la mtu kabla sijajua yeye ni nani kwangu, na mtoto akinyoosha mkono namsikiliza, hata kama swali linanichoma. Mzee Masanja namwombea maisha marefu, ila siku yake ikifika kaburi lile nitalilalia mimi, na jogoo wangu atarudi.

Juzi nimepita njia ya malisho, nikawasikia watoto wa shule ya msingi wanapeana miadi: "Tukutane Jiwe la Mzaramo." Jina limeshika. Siku moja atakuja mwalimu mwingine aulize asili yake, ataambiwa palikuwa na Mzaramo mmoja akadanganywa akalikumbatia, na hiyo itakuwa historia ya kweli tupu, tena picha ipo.