Shina la Margwe

Mdogo wangu Margwe wa Nangwa alianza kulima kwa ng'ombe kabla meno yake ya mbele hayajaota, na anayesema naongeza chumvi aje tuulizane. Alikuwa na kifafa. Akianguka shambani, ng'ombe walisimama wenyewe, wakainamisha vichwa kama wako kanisani. Lakini jikoni hakuna ng'ombe. Aliangukia moto, mkono ukaungua hadi kiwiko. Daktari akasema wazi: asipopasuliwa kichwa na kutolewa kipande cha ubongo kinachomwangusha, moto wa pili utammaliza.

Akakubali. Mzigo wa basi la Alhamisi, la kwenda hospitali Dar, ulishafungwa muuguzi Helena alipokuja na karatasi.

"Shikamoo bibi. Shikamoo baba. Kipande kikishatoka, madaktari wanaomba kisitupwe. Watakikata laini, watakichekecha, watafute humo seli shina, wazilee kwenye joto, wajifunze ugonjwa."

Margwe akasimama. "Shina? Tawi nilikubali. Mti gani unatolewa shina ukabaki mti? Siendi!"

"Ni seli ndogo tu zinazozaa nyingine, baba. Hata ukikataa karatasi, utapasuliwa vilevile."

Hakusikia. Alishaanza kufungua mzigo.

Mimi shule naijua kwa nje, nilichunga mbuzi karibu nayo. Ila shina nalijua. Nikamshika mkono ule mzima, nikampeleka nyuma ya nyumba, penye mkaratusi alioukata mwaka mkoa wetu ulipotengwa na Arusha.

"Ulikata nini hapa?"

"Mti, dada."

"Na hivi vinavyokupiga puani?"

Akatazama machipukizi yaliyompita urefu. "Kisiki kimechipua."

"Ulichukua mti mzima ukaezekea nyumba, na shina bado liko kazini. Wao wanataka kiasi cha harage, tena bovu."

"Na harage hilo likiota huko?"

"Basi Dar atakuwepo Margwe mwingine. Huenda yule hakoromi."

"Bibi!" Helena, aliyetufuata na karatasi yake, akacheka. "Baba, haoti mtu. Ni seli tu kwenye kisahani."

Margwe akafikiri kidogo, akabonyeza dole kwenye karatasi. "Wape. Lakini akiota, asije kudai shamba."

Alhamisi akapanda basi.

Huu ni msimu wa tatu hajaanguka. Ng'ombe ndio hawajazoea: wakifika pale alipozoea kuangukia, husimama, wakainamisha vichwa, wakamsubiri.