Warumi Wasiotiwa Macho

Mapatano kati yangu na Nyanya yalikuwa mafupi: askari wangu wakae, ila wasitiwe macho.

"Mato ndiyo roho," alisema. Kwake macho ni mato, kama wasemavyo watu wa kale wa Mvita, na hakuna redio wala shule iliyomgeuza ulimi. "Nguo wavishe. Panga wape, ngao wape. Mato, la. Nyumba yenye sanamu zenye roho malaika hawaingii, na mimi kwa umri huu nawahitaji hao kuliko nyinyi nyote."

Nikakubali. Nyumba ni yake, nami ni mjukuu niliyebaki nayo, na chumba cha juu alinipa bila kuniuliza nitakitumia kwa nini.

Askari wenyewe ni Warumi. Huja kwa posta wakiwa vipande vya plastiki ya kijivu, mkono huku, kichwa kule, na nikishawaunganisha husimama kimo cha kidole changu cha kati. Niliwaanza wakati riwaya yangu ilipokataa kwenda mbele, nikahitaji kitu ambacho mikono ingeweza kukimaliza. Kwa nini Warumi, sijui vizuri. Nadhani ni kwa kuwa walikuwa watu wa jua waliopelekwa mbali kulinda ukungu. Nilipenda kuwafikiria wamesimama kwenye lango la mwisho la nchi yao, wakimngoja mtu wasiyemjua sura.

Lango hilo nililijenga mezani. Kuta ni vipande vya matumbawe vilivyobanduka kwenye ukuta wa nyumba yetu, maana nyumba za Mji wa Kale humomonyoka kidogo kidogo kama biskuti ndani ya chai. Nguzo ni vibanzi vya boriti za darini. Paa ni makumbi ya nazi niliyoyachambua uzi kwa uzi. Nilipomaliza nikaona nimejenga ngome ya Kirumi kwa mwili wa nyumba ya Nyanya, na kwamba ndani ya nyumba yetu sasa mlikuwa na nyumba ndogo, yenye mlango wake na walinzi wake. Mandhari ile niliipa jina Zamu.

Rangi nilijifunza kwa Nyanya. Alikuwa mpakaji wa hina na piko, ile rangi nyeusi ya maharusi, na mkono wake ulijulikana. Mabibi harusi waliletwa kwake kutoka Tudor na Mbaraki, wakanyoosha miguu kwenye mkeka wake toka asubuhi. Nilipokuwa mdogo nilikaa ubavuni pake nikitazama kile kijiti chembamba kikitoa ua, jani, kikonyo, bila kutetemeka. Sasa macho yake mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, meupe kama maji ya mchele, na sanduku la piko lilikuwa kabatini.

Kazi niliyoipenda zaidi ilikuwa kupiga picha. Saa yake ni baada ya adhuhuri, Mji wa Kale unapolala na vichochoro vikabaki na paka tu. Jua linapita kwenye vibao vya dirisha, nami nalirudisha mezani kwa siniya ya shaba. Ukungu wangu ni udi: naweka chetezo nyuma ya lango, nafunga dirisha, nangoja moshi ulale chini. Ukishusha kamera hadi usawa wa kifua cha askari, meza hupotea. Wanabaki wao, lango, na weupe ule unaokuja.

Ami, mdogo wa marehemu baba, alikuwa akitoka dukani kwake Bondeni baada ya sala ya alasiri na kuja kunywa kahawa kwetu. Alinitania bila kuchoka.

"Mfalme wa Rumi hajambo? Leo umeteka nchi gani?"

"Leo nimepaka viatu tu, Ami."

"Viatu! Watu wa rika lako wana watoto wa kuwavisha viatu."

Siku moja alipanda juu akawatazama, akashuka akicheka peke yake. "Mama," akamwambia Nyanya, maana ndivyo alivyomwita mke mkubwa wa babake, "wewe hufi ng'o! Kama malaika hawaingii penye sanamu, huyo wa kutoa roho naye atafika mlangoni, achungulie, aone jeshi zima, arudi zake."

Tulicheka. Nyanya hakucheka. "Wasioingia ni malaika wa rehema," alisema, akiweka kikombe chini polepole. "Huyo wa roho haulizi nyumba ina nini. Na hao wa juu hawana mato, nshakwambia. Usifanye mzaha na kitu hicho."

Baada ya masika moyo wake ulichoka. Daktari alituambia tumrudishe nyumbani tukamtunze, nasi hatukuuliza zaidi. Nyanya ndiye aliyeuliza, garini.

"Kasemaje?"

"Kasema upumzike, Mama," Ami akajibu.

"Nimepumzika mwaka mzima. Nipumzike nini tena?"

Kitanda chake tulikiweka chumba cha chini, karibu na sebule, kwa kuwa ngazi zilishamshinda. Wanawake wa mtaa walikuja kumwamkia, na kila aliyekuja alimwambia yuko tayari. "Mizigo nimefunga," alisema. "Nangoja kuitwa tu." Wakatoka wakimsifu imani yake, wengine wakifuta machozi kwa ncha za leso. Nami nilimsifu. Asubuhi nilikwenda Tudor kufundisha, mchana nikarudi, nikamlisha uji, akalala, nikapanda juu kwa Warumi wangu.

Ilikuwa katika mchana mmoja wa namna hiyo. Nilipiga picha, nikaikuza kwenye kioo cha kamera nione kama imetulia, na mlinzi wa kushoto wa lango alikuwa na macho.

Nilidhani ni nzi. Nikamwinua, nikampeleka dirishani. Nukta mbili nyeusi, kavu, kila moja imekaa ndani ya shimo lake chini ya kofia ya chuma. Nikajiuliza kama nilizitia mwenyewe kwa uchovu. Mkono uliozoea kazi hufanya mambo bila kumwambia mwenyewe. Nikamrudisha mahali pake. Sikumfuta. Hadi leo sijui kwa nini sikumfuta.

Picha za siku nyingine zilikuwa na wawili zaidi. Kisha wanne. Na lililonikausha mate si kuwa macho yapo, bali yanakotazama. Askari wote nilikuwa nimewaelekeza langoni, kwenye ukungu. Miili ilikuwa bado inatazama lango, lakini nukta zile zilikuwa zimetiwa pembeni mwa jicho, upande mmoja, kwa wote. Walikuwa wanatazama ngazi za nyumba yetu.

Nikaanza kubisha hodi kabla ya kuingia chumbani mwangu mwenyewe.

Rangi ile haikuwa yangu. Nyeusi yangu hukauka ikang'aa. Hii ilikuwa imefifia na kuwa na wekundu kwa mbali. Siku nilipopata ujasiri wa kumleta mmoja puani, nilijua. Ilikuwa piko. Lakini aliyejua kuishika piko hakuwa akiona hata kiganja chake, na hakuwa amepanda ngazi zile tangu kabla ya mvua. Nilishuka nikachungulia chumbani kwake. Alikuwa amelala chali, mikono juu ya shuka, vidole vimetulia. Nikaona haya kwa nililokuwa nimeliwaza, na woga wangu ukawa mkubwa zaidi, maana kama si yeye, basi ni nani?

Asubuhi moja wanafunzi wangu hawakuja, nikarudi mapema. Tuk-tuk iliniacha mwanzo wa kichochoro. Mlango wa nyumba ulikuwa umefungwa kama nilivyouacha. Kitanda cha Nyanya kilikuwa kitupu, shuka limekunjwa vizuri. Na juu, chumbani mwangu, mtu alikuwa anazungumza kwa sauti ndogo.

"Wewe tazama ngazini. Haya. Na wewe. Usilale, wewe."

Nilipanda nikiwa nimeshika ukuta. Alikuwa ameketi kwenye kiti changu, uso ameuelekeza dirishani, asikoona kitu. Mkono wa kushoto ulishika askari kwa kidole gumba na cha shahada. Ukucha wa kidole gumba ulitafuta shimo la jicho, ukalipata, na kijiti kikateleza juu ya ukucha hadi kikazama. Nukta. Ukucha ukahamia shimo la pili.

"Umerudi mapema," alisema bila kugeuka.

"Nyanya. Umepandaje?"

"Kwa makalio, ngazi kwa ngazi, kama mtoto. Ulidhani nimeota mabawa?"

Sikuweza kucheka. Nikaketi sakafuni karibu na miguu yake, pale pale nilipokuwa nikiketi zamani. "Ulisema wasitiwe macho. Ulisema huyo wa roho haulizi."

"Nilisema."

"Sasa?"

"Nilisema mbele ya watu." Aliweka askari mezani, akampapasa kuhakikisha amesimama. "Mbele ya watu mtu husema la kusemwa. Wakija hapa wanataka kuona mtu asiyeogopa, nami nawapa, wakaende nalo kwao. Lakini wakishaondoka nabaki mimi na ngazi ile. Kila ubao ukilia nasema ndiye huyo, kaja. Ami yako alifanya mzaha, mwanangu. Mimi nikaushika, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kushika."

Kisha akaninyooshea kijiti. "Mkono umekufa ganzi. Waliobaki nimalizie wewe."

Ningeweza kumwambia alilolijua kuliko mimi, kwamba huyo haulizi. Nilichukua kijiti. Niliwatia macho waliobaki, wote, pembeni mwa jicho, kuelekea ngazi, naye akanisikiliza nikipumua. Halafu nikambeba kumshusha. Alikuwa mwepesi kama kikapu.

Mwezi ule hakuzidiwa. Ami alisema kapata nafuu, akaleta haluwa. Lakini nyumba ilibadilika. Sijui nieleze vipi kitu ambacho hakikuwepo. Sauti zilikufa haraka. Nikimwita kutoka sebuleni, jina lilianguka kabla ya kufika. Juu, moshi wa udi ulikataa kulala. Ulipanda wima kama uzi, hauyumbi, kana kwamba ndani ya nyumba nzima hakuna anayepita wala anayepumua. Picha zangu zikawa safi mno. Askari walionekana wamesimama mahali ambapo hakuna mtu atakayekuja, mwema wala mbaya.

Nyanya naye aliacha kuzungumza. Alisali akiwa ameketi kitandani, na siku moja baada ya alasiri nilimwona akimaliza. Aligeuza uso kulia akatoa salamu, akageuza kushoto akatoa salamu, kisha akageuka kulia tena, akangoja, kama mtu aliyebisha mlango.

"Hapana kitu," alisema.

"Nini, Nyanya?"

"Miaka yote nikitoa salamu, kuna mahali inatua. Huwezi kuona, lakini wajua imetua. Tangu wale watiwe mato, nasalimu hewa. Kulia hewa, kushoto hewa." Mikono yake ilikamata shuka. "Wamekaa mlangoni wamewafukuza wote, na malaika wangu wa mabegani pia. Nimemfungia mmoja, nimewafungia wote. Nikae hivi mpaka lini, mwanangu? Peke yangu namna hii?"

Nilimwambia asubiri mpaka kesho, labda amechoka tu.

"Watoe mato," akasema. "Leo. Na mimi niwe hapo."

Basi nilimbeba tena. Nilimketisha kwenye mto karibu na meza, nikaleta pamba na spiriti. Nilimfuta wa kwanza, yule mlinzi wa kushoto. Piko ilitoka na kuacha kivuli cha hudhurungi, kama kilichobaki mikononi mwa bibi harusi majuma mengi baada ya harusi. Kila nilipomaliza mmoja nilimpa kiganjani, akampapasa uso, akanirudishia. Hakuharakisha. Mara mbili mkono wake ulimfumba askari ukamshika kwa muda mrefu, nikadhani amebadili nia, na ningefurahi kama angebadili. Akamrudisha.

"Huyo ndiye wa mwisho?"

"Wa mwisho."

"Basi zamu yao imekwisha. Piga picha yako."

Sikutaka, lakini sauti yake haikuwa ya kukatalika. Nikawapanga langoni, vipofu wote, nyuso kwenye ukungu. Dirisha nilikuwa nimelifunga, na mlango wa ngazi niliuegemeza. Udi ulipanda wima, uzi ule ule. Nikainama nyuma ya kamera. Nilimsikia Nyanya akirekebisha kanga kichwani, akivuta pumzi, na akisema salamu, polepole, upande wa kulia. Kisha kushoto.

Ubao wa ngazi ukalia. Mmoja wa chini, halafu wa juu yake.

Nilikuwa nimeshabonyeza. Nilipoinua kichwa, Nyanya alikuwa ameinamisha uso kidogo, namna mtu anavyofanya akiambiwa neno sikioni, na mkono wake ulikuwa umetafuta wangu ukaupata.

"Unaogopa?" nilimuuliza.

"Naogopa," alisema. "Lakini si peke yangu."

Alituacha kabla ya Ijumaa, mchana, Ami akiwa upande mmoja na mimi upande wa pili. Picha ninayo bado. Moshi umelala chini kama nilivyotaka siku zote, mweupe, umejaza lango. Katikati yake umegawanyika ukaacha njia nyembamba, inayotoka nyuma ya picha, inapita langoni, na kuja moja kwa moja hadi kwenye kioo cha kamera. Walinzi wa pande mbili wamesimama wima. Hawamtazami anayepita.