Petroli ya Mwisho Kwenye Kabureta

Kuiwasha tena injini ya boti ya marehemu baba kulinigharimu shilingi elfu kumi na nane na mia tano. Nimehesabu mara mbili: petroli, oili, plagi mbili, gasketi ya kabureta, na mche wa sabuni. Sabuni niliitia hesabuni kwa sababu mtu aliyetaka kuinunua alikubali kurudisha gharama zote injini ikiwaka, na mikono yangu ilikuwa sehemu ya gharama.

Baba alitoka Kenya vita vya huku vilipoisha, akawa anavusha abiria na ndizi ziwani, kati ya Ggaba na visiwani. Boti ililala ufukweni. Injini, kwa kuogopa wezi, ililala nasi chumbani Bwaise, mtaa unaofurika kila mvua. Kila Jumapili aliifunga kwenye pipa la maji uani na kuiwasha, maana injini ya boti ikinguruma pakavu hujiunguza.

"Mzee, ngoja mvua tu!" majirani walimcheka. "Ikinyesha utapakia abiria hapa hapa Bombo Road."

"Nauli ni ile ile," aliwajibu. "Na mwenye mdomo mkubwa atalipia mzigo."

Akimaliza hakuizima. Alichomoa mpira wa petroli, akaiacha inywe iliyobaki kwenye kabureta mpaka ikohoe na kufa yenyewe. "Petroli ikilala humu inageuka gundi," alisema. Mama akisikia kile kikohozi alipeleka beseni la maji ya kuoga nyuma ya nyumba. Aliiacha na petroli pale tu alipokuwa na safari alfajiri ya kesho yake.

Jioni yake ya mwisho aliirudisha injini chumbani kama kawaida, akala, akalala. Alfajiri kifua kilimbana, na kabla hatujapata gari akawa ameondoka. Tangu siku hiyo mama ana neno moja analojifariji nalo: baba alijua. "Alikula ugali wote bila kulalamikia chumvi. Mwanangu, yule alikuwa anatuaga."

Mimi sikubisha. Chumvi ya mama naijua.

Mwaka ulipopita akaja mnunuzi, mchuuzi wa samaki wa Bukoto. Nilimsifia injini mpaka nikakauka koo. "Ssebo, bwana wangu," akasema, "mimi nanunua injini, sinunui matanga. Iwake kwanza."

Nikaifungua kabureta juu ya gazeti. Nilipolegeza kibakuli cha chini, nilitarajia kukikuta kikavu. Kilikuwa na gundi ya kahawia, imeganda kama asali ya zamani, imeziba kila tundu. Nikakaa chini. Nikaitazama, kisha nikaitazama tena, nikitumaini hesabu itabadilika.

Hakuwa anaaga. Alikuwa anakwenda kazini kesho.

Niliiloweka kwa petroli mpya, nikakwangua, nikapitisha uzi wa nailoni wa nyavu kwenye vitundu kama alivyonifundisha, kwani waya huvipanua. Nikapuliza kwa mdomo mpaka ulimi ukafa ganzi. Lile gazeti nikalitupa mbali. Nikajaza pipa, nikavuta kamba. Mvuto wa saba ikashika, ikatema maji yake pembeni, ikanguruma uani kwetu kama Jumapili zote zile. Mnunuzi akataja bei. Kwa mara ya kwanza maishani sikumwomba aongeze hata mia.

Nikachomoa mpira. Injini ikakohoa, ikanyamaza.

Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama na beseni mkononi, maji yanafuka mvuke, mche wangu mpya wa sabuni ukiwa ndani. Akaliangalia beseni, akaliweka chini taratibu, akakaa karibu nalo.

"Ulipoifungua," akauliza, "uliikuta kavu?"

Nikasema ngoja ninawe mikono kwanza. Nimekuwa nikinawa tangu juzi.

Mnunuzi anakuja kuichukua Jumamosi. Mama anasema injini haitoki mlangoni kabla sijamjibu. Wewe unayesoma, uliyewahi kumzika mtu na kubaki na mama wa kumtazama usoni: nimwambie nini?