Nilisaini Likizo Nzima, Kumbe Kazi Ni ya Baba Yao

Admin, jina langu libaki kwako. Na wale wa kuandika "mama punguza hasira" wapite kimya kimya, sijaja kuombewa.

Nina miaka thelathini na sita, Mkenya. Tunaishi Bukoto kwenye fleti, mimi, mume wangu na watoto wawili, kijana wa miaka kumi na moja na msichana wa minane. Mimi ni msimamizi kwenye supamaketi, natoka saa moja asubuhi, narudi saa kumi na moja jioni. Mume wangu alikuwa mtunza stoo kule Nateete. Nasema alikuwa, mtaelewa.

Likizo ya mwisho wa mwaka hapa Uganda ni ndefu, na watoto wa hizi fleti huimaliza wakikodolea macho katuni. Mimi nikasema wangu, hapana. Nikamnunulia kila mmoja daftari. Sheria ilikuwa moja: kila siku ufanye kitu kimoja cha kujifunza, peke yako, bila mtu mzima. Ukiandike kwa Kiswahili, maana wanakisahau wakiwa hapa. Jioni nikione kitu chenyewe kwa macho yangu, ndipo niweke sahihi. Rimoti ya TV nilikuwa naenda nayo kazini kwenye mkoba. Chekeni tu, nilikuwa naenda nayo.

Na kazi zikaonekana, jamani. Msichana akaleta mkeka mdogo wa vitambaa, umesukwa ukasukika. Sukuma wiki ikaota kwenye magunia pale kibarazani. Kijana akaleta kigoda cha miguu minne, hakitikisiki hata akikikalia mtu wa mwili kama wangu. Nilisaini mpaka kalamu ikaisha wino. Nikapiga picha, nikatuma kwenye grupu ya akina mama wa kanisa na maneno ya kuchoma kidogo: mtoto hulelewa, hafugwi. Mwenyekiti wetu akanipangia nisimame Jumapili hii niwafundishe wenzangu, nije na daftari zote mbili na kigoda.

Kikulacho ki nguoni mwako. Jumanne jioni nilisimama getini nikimsifia askari wa fleti kijana wangu. Yule mzee akacheka mpaka akashika kiuno.

"Nyabo, toto gani naweza piga msumari namna ile? Ile ni bwana yako. Wewe naenda kazi, yeye naludi saa mbili, nakaa na watoto mpaka jioni. Halafu natoka, nakuja nyuma yako kama mtu ya kazi. Kila siku. Mimi nafikili wewe najua."

Jumatano nikaomba ruhusa kazini, nikarudi saa nne asubuhi. Nikawakuta watatu wamekaa sakafuni. Baba mtu ameshika sindano, anashona begi la vitambaa, msichana anamkatia uzi, kijana anapima kwa rula. Wanacheka. TV ilikuwa imezimwa, hilo nitalisema kwa sababu ni kweli.

"Stoo ilifungwa kabla shule hazijafunga," akasema, hata hakuinuka.

"Na ukaona unifiche? Uwafundishe na watoto kunificha?"

"Ulitaka nikuambie saa ngapi? Ukifika mlangoni unadai daftari. Husalimii mtu, unakagua."

Hapo ndipo nilipomwaga yote. Nilimwambia mficha uchi hazai. Nilimwita mtoto wa nasari mwenye ndevu, mlango ukiwa wazi, watoto wakisikia, na jirani yetu Mkongo, Mama Furaha, akianika nguo kwenye korido. Nikachukua kile kigoda nikakirusha ngazini. Mguu mmoja ukavunjika.

"Dada, usimufanye bwana vile mbele ya batoto," Mama Furaha akasema taratibu. Nikamwambia achunge nguo zake.

Mume wangu akachukua begi lile ambalo halijaisha kushonwa, akatia mashati mawili, akaenda kwa kaka yake Ggaba. Simu hapokei. Watoto wananiamkia asubuhi kama wanavyomwamkia mwalimu mkuu, basi. Kijana amenena mara moja tu: "Mama, kupima nilipima mimi. Baba alikata tu."

Na bado nina hasira, msinibembeleze. Amenifanya mwongo mbele ya kanisa zima. Amewabebesha watoto wadogo siri ya mtu mzima likizo nzima. Lakini wiki zote hizo nimelala kitanda kimoja na mtu asiye na kazi, naye akaona afadhali ajifiche nyuma ya daftari za watoto kuliko kuniambia mimi. Hilo linaniuma kuliko uongo wenyewe. Mwenyekiti naye ananipigia kila saa, mama usisahau kigoda.

Leo ni Ijumaa. Jana jioni nilikuta daftari la msichana limefunguliwa mezani, mwenyewe amesimama kando yake na kalamu mkononi. Alikuwa ameandika: "Leo nimechambua maharagwe peke yangu. Nimemwagia sukuma maji peke yangu. Nimefunga mguu wa kigoda na kamba peke yangu, umekataa. Baba hayuko, kwa hivyo hii ni ya ukweli."

Akaninyooshea kalamu, akangoja. Nilimwambia aende akaoge.

Daftari bado liko wazi mezani na ile nafasi ya sahihi iko tupu. Nishaurini ninyi mnaojua kulea: hapo naandika nini?