Magadi Ndani ya Tangi la Matumbawe

Bartolomeo alizaliwa Endabash, akafika miaka arobaini bila kuiona bahari. Hata hivyo, mwaka 1984 hoteli moja ya Karatu ilimwajiri kutunza tangi jipya la kioo lenye matumbawe hai kutoka Tanga. Mtaalamu aliyeyaleta alimwachia maagizo machache: joto lisishuke; maji yakipungua aongeze maji yasiyo na chumvi, kwani chumvi haiondoki na mvuke; na asitie kingine chochote bila kuuliza.

Wiki ya sita, matumbawe ya zambarau yakaanza kufifia. Bartolomeo aliumia kama mfugaji anayeona ndama wake amesimamisha manyoya. Kwao, mnyama wa namna hiyo hupewa magadi. Akachukua debe zima la magadi kutoka nyumbani, akayakoroga, akayamimina kwenye tangi. Hakumwuliza mtu.

Siku ya tatu karibu matumbawe yote yalikuwa meupe kama mifupa. Meneja, Josephati, akamwita Patrisi, fundi wa jenereta.

"Ulizima jenereta, maji yakapoa."

"Ndugu Meneja, haijazimwa hata dakika."

"Basi yamekufa kwa kupenda? Kesho usije."

Patrisi, aliyemwoa dada yake Bartolomeo, akageuka. "Shemeji, kipimajoto unasoma wewe. Mwambie."

Bartolomeo akatazama sakafu. "Sikuangalia vizuri."

Kosa la kwanza lilikuwa la kutojua, nami nalisamehe. La pili lilikuwa la kujua.

Jioni ya kesho yake dada yake, Lukresia, akafika na bakuli.

"Kaka, nigawie magadi ya kuivishia maharage. Tangu Patrisi afukuzwe, nyama tumeshaiaga."

"Yamekwisha."

"Debe zima? Ng'ombe wako wanalala nayo?"

Bartolomeo hakucheka. Alfajiri akaenda kwa Josephati, akasema yote.

"Kumbe tuliajiri daktari wa ng'ombe!" Josephati alifoka. "Patrisi arudi leo. Wewe safisha uchafu wako, kisha uende."

Aliyatoa matumbawe yaliyokufa kwa mikono yake. Mawili aliyaacha, kwani yalikuwa bado na rangi kidogo. Akaondoa sehemu ya maji yenye magadi na, kwa kuwa yalitoka na chumvi yake, akarudisha maji mapya ya chumvi iliyopimwa, polepole.

Patrisi alisimama kando akimwangalia.

"Joto nyuzi ishirini na tano," Bartolomeo akamwambia.

Patrisi akampita, akainama mbele ya kioo. "Acha, shemeji. Nitasoma mwenyewe."