Bafu la Shemeji

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alizaliwa Iringa, akakulia Iringa, na bahari hakuwahi kuiona hata siku moja. Babu yake ndiye aliyetoka pwani. Lakini kila akifungua kinywa ilikuwa "kwetu pwani" hivi, "kwetu pwani" vile, mpaka ungedhani bado ana mchanga wa ufukweni miguuni.

Mwaka mmoja wa hamsini na kitu alikuja Mbeya kutukarabatia bafu. Mume wangu alikuwa na duka na nyumba ya mabati, na bafu letu lilikuwa la udongo, sakafu ya mawe. Lilitutosha. Shemeji akasema ni aibu mtu wa asili yao kuogea zizini. Wiki mbili akamsimamia fundi, mikono nyuma: sakafu ya saruji, kuta zikapigwa lipu, kisha chokaa ndani na nje. Chokaa aliichanganya mwenyewe, maana fundi alikuwa Msafwa kama mimi, na Msafwa angejua nini.

Bafu likapendeza siku nne. Siku ya tano kuta zikatoka jasho. Mvua zilikuwa zimeanza, ukungu hauondoki mlimani, na kila asubuhi tulikuta kuta zimelowa, taulo hazikauki, mlango umevimba haufungi. Shemeji akapanda juu ya bati kutafuta tundu. Hakuliona. Akashuka na jibu ambalo nadhani alipanda nalo: mimi.

"Mkeo anaoga kama anamwagilia bustani," alimwambia mume wangu wakinywa kahawa, nami nimesimama pale pale. "Watu wa mlimani hawajazoea bafu. Aogee nje kwanza, ukuta ukauke."

Mume wangu akatazama kikombe chake. "Vumilia kidogo, mke wangu," akasema.

Nilikuwa na mimba ya miezi saba. Nikazungushiwa matete nyuma ya jiko, nikawa naoga humo, kwenye matope na baridi ya Mbeya, maji yanapoa kabla sijajimwagia kata ya pili. Kikohozi kikanishika. Nilikohoa mpaka nikawa naogopa kwamba mtoto atatoka kabla ya siku zake, na nilimchukia shemeji kwa moyo wangu wote.

Wiki tatu sikuligusa bafu lile, na kuta zilibaki zimelowa vile vile. Shemeji akasema unyevu wangu bado haujaisha. Unyevu wangu! Mtu mzima, kanzu imepigwa pasi, anatamka maneno hayo bila hata kucheka.

Waliomuumbua ni mbuzi wa jirani. Kila asubuhi walijipanga nyuma ya bafu wakilamba ukuta, naye akawa anawafukuza kwa ufagio, akiwatukana kwamba hata mbuzi wa bara hawana adabu. Siku mbili nilitazama mchezo ule nikacheka. Siku ya tatu nikaacha kucheka. Mimi nimekulia juu ya Iyunga nikichunga, najua mnyama hulamba nini. Nikaenda ukutani, nikalamba nami. Chumvi tupu.

Nikaingia barazani, ulimi bado unawasha. Wote wawili walikuwapo.

"Shemeji, ile chokaa ulichanganya na nini?"

"Chumvi," akasema kwa fahari. "Kwetu pwani chokaa hutiwa chumvi ili ishike. Nyie huku hamjui."

"Umeweka kiasi gani?"

"Gunia."

Nina hakika hata huko pwani anakokusingizia hutia konzi mbili tatu, basi. "Gunia zima! Ndiyo inayovuta maji, shemeji, siyo mimi. Kule dukani mvua zikianza gunia la chumvi linalowa lenyewe, mpaka chini panakuwa dimbwi. Pale nani ameoga?"

Akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza pwani haikutoka. Kesho yake akapanda basi la Iringa, ghafla ana shughuli nyingi. Fundi akaitwa, akakwangua kuta, akapiga lipu upya na chokaa isiyo na kitu, na bafu likakauka hata mvua ikinyesha.

Tulikuwa tumesimama mle ndani tukitazama kazi, mume wangu akaniambia sasa naweza kuoga ndani. Hapo ndipo nilipofikiri sawasawa. Gunia lilitoka dukani kwake. Na kila mvua zikikaribia, ni yeye aliyekuwa akipandisha magunia ya chumvi juu ya mbao na kuyatenga na sukari.

"Ulijua," nikamwambia.

Hakukana. "Ni kaka yangu," akasema. "Ningemwaibishaje?"

Kila asubuhi, kwa wiki tatu, alikuwa akinibebea mwenyewe debe la maji ya moto hadi kwenye matete, akilitua polepole ili lisimwagike. Na kila asubuhi nilimwambia ahsante.